Kompyuta ya prosesa mbili kwa vipuri vya skrepa: niliyojifunza hapa Mirongo



Leo naandika kitu ambacho mwenyewe nilikitafuta sana kwa Kiswahili nikakikosa: namna ya kuunda kompyuta yenye prosesa mbili kwa vipuri vya zamani. Tuelewane kwanza. Sizungumzii prosesa moja yenye viini viwili, hiyo siku hizi hata simu ya bei chee imeipita. Nazungumzia madabodi yenye soketi mbili, kila soketi na prosesa yake, feni yake na RAM yake.

Kazi yangu ni kuhariri video za sherehe: harusi, sendofu, kipaimara, na misiba pia. Mashine niliyokuwa nayo ilikuwa Core 2 Duo. Video ya harusi ya masaa matatu naiwashia saa tatu usiku, inamaliza saa mbili asubuhi. Umeme ukikatika saa kumi alfajiri, naanza moja. Msimu wa harusi ukifika nakuwa na kazi sita mkononi na bi harusi wa kwanza anapiga simu kila siku, akichoka yeye anapiga mama mkwe. Advansi za watu nimeshakula. Mashine mpya ya maana ilikuwa inataka milioni na ushee, na sikuwa nayo. Ndio nikaanza kuzunguka kwa wauza skrepa.

MBILI ZA NINI?

Historia kidogo. Nchi yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta mwaka 1974, na ilichukua miaka mingi mpaka mlango ukafunguka tena. Kwa hiyo wengi wetu wa mikoani tulikutana na kompyuta zikiwa tayari ni za mtumba. Wakati huo prosesa mbili kwenye bodi moja lilikuwa jambo la seva na matajiri, mpaka 1999 kampuni ya Abit ilipotoa bodi inaitwa BP6, inayokubali Celeron mbili za bei rahisi. Intel wenyewe hawakuikusudia Celeron ifanye kazi kwa jozi, na Celeron zilizofuata wakaifunga njia hiyo.

Nakumbuka mkahawa mmoja wa intaneti hapa mjini walipata seva kuukuu yenye Pentium III mbili, wakawa wanajisifu kwelikweli. Fundi akaweka Windows 98. Sasa Windows 98 haijui kabisa kwamba kuna prosesa ya pili. Ile prosesa ilikaa pale bure, inakula umeme, mpaka mashine ikafa. Huo ugonjwa haujaisha: Windows 10 Home nayo inatumia soketi moja tu, lazima iwe Pro ndio ione mbili. Na Windows 10 yenyewe ilishaachwa kuhudumiwa Oktoba 2025, kwa hiyo mie nilienda moja kwa moja kwenye Linux.

Swali la msingi ni kazi yako. Prosesa mbili hazifanyi Word ifunguke haraka mara mbili. Zinasaidia kazi inayogawanyika: kutoa video, kuchora picha za 3D kwa Blender, kuendesha seva kadhaa ndani ya mashine moja. Kama kazi yako ni stationari, kuchapa barua na kutoa fotokopi, usijisumbue, utachoma uniti za LUKU bure.

KWA NINI SEVA KUUKUU NI RAHISI

Hapa ndipo penye utamu. Ofisi inapobadilisha seva, ile ya zamani haina mnunuzi. Ni nzito, inapiga kelele kama mashine ya kusaga, na RAM yake haiingiliani na kompyuta za kawaida. Angalia karatasi kwenye RAM ya DDR3: ikiandikwa PC3-10600R, ile R ya mwisho maana yake ni ya seva, na kompyuta ya mezani ya kawaida haiwaki nayo. Mafundi wengi wa mjini wanaijaribu, inakataa, wanaitupa kwenye boksi la mbovu. Kumbe nzima. Mie nilipata vijiti sita vya GB 4 kila kimoja kutoka kwenye boksi la namna hiyo.

Kizazi ninachokipendekeza kwa mwenye mfuko wa kwangu ni cha soketi LGA1366, Xeon za familia ya 5500 (2009) na 5600 (2010). Za nyuma ya hapo, za LGA771, ziache. RAM zake zinachemka mno na hazina baadhi ya maagizo ambayo programu za sasa zinayadai. Za mbele ya hapo, za LGA2011, ni nzuri zaidi, ukizipata chukua. Kwenye skrepa ya Mwanza mie sijabahatika.

Bodi yangu niliikuta imelala juu ya lundo la chuma chakavu, chini yake kuna mlango wa friji. Nikamwuliza kijana wa pale, "Dogo, hii bei gani?"

"Hizo bosi tunapima kilo. Kuna jamaa anazichukua zote Ijumaa."

Ijumaa ilikuwa kesho yake. Bodi za kompyuta zinanunuliwa kwa kilo kwa ajili ya dhahabu kidogo na shaba iliyomo, zinapondwa, biashara imekwisha. Nikamwambia nampa 30,000 kwa hiyo moja pamoja na bamba zake mbili za kupozea. Akanitazama kama mwendawazimu, akaifunga kwa gazeti.

Ilikuwa na prosesa moja tu, Xeon E5620. Soketi ya pili wazi, bila kifuniko. Kumbuka maneno hayo, soketi wazi bila kifuniko, tutayarudia.

NILIVYOPIGWA

Jozi inatakiwa ilingane: namba ileile, na toleo lilelile la kiwandani. Mie nilikuwa na E5620, nikahitaji mwenzake. Muuzaji mmoja akaniambia anayo "Xeon ya soketi hiyohiyo". Nikalipa 40,000. Ilikuwa Xeon kweli, na iliingia kwenye soketi kweli. Lakini ilikuwa W3520.

Hili ndilo jambo ambalo ningependa mtu angenieleza mapema. Kwenye LGA1366 kuna prosesa za aina mbili zinazofanana umbo kabisa. Core i7 za 900, pamoja na Xeon zinazoanza na W35 na W36, zina njia moja tu ya mawasiliano inayoitwa QPI. Hiyo moja inakwenda kwenye chipu ya bodi, basi. Xeon zinazoanza na E, L au X kisha 55 au 56 zina njia mbili: moja kwenda kwenye bodi, ya pili ni ya kuongea na prosesa mwenzake. W3520 ni bubu kwa mwenzake. Niliiweka, mashine haikuwaka. Nikiitoa inawaka. Nilikaa siku mbili nadhani bodi imekufa.

Kwa hiyo usinunue kwa maneno ya mdomo. Futa ile pesti kuukuu juu ya prosesa kwa spiriti, soma maandishi mwenyewe. X5650 kwa mfano imeandikwa jina lake na kodi ya SLBV3. Muuzaji akikataa ifutwe, rudisha pesa mfukoni.

Na jambo jingine: bodi za 2009 zilitengenezwa kwa ajili ya 5500. Nyingine zinahitaji bayosi mpya ndio zikubali 5600, na nyingine hazikubali hata ufanyeje. Bahati yangu bodi ilikuja na E5620 tayari, ambayo ni ya familia ya 5600, kwa hiyo nilijua inakubali. Mwishowe nilipata jozi ya X5650 Kariakoo, zikaja kwa basi ndani ya kopo la siagi. Kila moja ina viini sita, jumla kumi na viwili, na kila kiini kinaendesha nyuzi mbili, kwa hiyo Linux inahesabu 24.

PAWA SAPLAI, JAMANI

Watu wanahangaika na prosesa, wanaokota pawa saplai yoyote. Hapo ndipo nyumba inapoungulia.

Piga hesabu. X5650 moja kwa kipimo cha Intel inatoa joto la wati 95. Mbili ni 190. Umeme wake unatoka kwenye laini ya volti 12, kwa hiyo 190 gawa kwa 12 unapata karibu ampea 16, bado hujahesabu upotevu, feni, diski na kadi ya grafiki. Sasa soma kibandiko cha pawa saplai. Usisome yale maandishi makubwa ya "500W", soma safu ya +12V. Mie nilikuwa na moja ya enzi za Pentium 4, imeandikwa 500W, lakini +12V ilikuwa ampea 16 tu. Nguvu nyingine yote ilikuwa kwenye volti 5, ambayo bodi hizi haziihitaji kiasi hicho. Ingewaka, halafu ingezima katikati ya kazi, au ingeondoka na bodi. Niliishia kununua ya mtumba yenye ampea 52 kwenye +12V kwa 45,000. Ndio kipuri ghali kuliko vyote kwenye mashine nzima na sijutii.

Bodi nyingi za aina hii zinataka plagi kubwa ya pini 24 na plagi mbili za pini 8, moja kwa kila prosesa. Ukikosa ya pili utaambiwa tumia adapta ya kuunga kutoka kwenye plagi za diski. Kwa prosesa ya wati 60, kama L5640, labda, tena kwa adapta inayochukua kutoka plagi mbili tofauti. Kwa zile za wati 130 nimeona waya umeyeyuka kama mshumaa.

Kabla ya kuunganisha, ijaribu peke yake: unganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya, feni itazunguka, kisha pima kwa testa. Volti 12 iwe kati ya 11.4 na 12.6, volti 5 kati ya 4.75 na 5.25. Pima tena ikishabeba mzigo, maana nyingine hudanganya zikiwa hazina kazi. Kapasita zilizovimba kichwa au zinazotoka maji ya kahawia, achana nayo. Na usiifungue kwa udadisi, ndani inabaki na umeme wa kuua hata ukishachomoa.

Halafu ile swichi nyekundu ya nyuma. Mashine zilizotoka kontena za Marekani mara nyingi swichi iko 115. Umeme wetu ni 230. Ukichomeka hivyo utasikia mlio, utaona moshi, na watoto watakukumbusha mwaka mzima. Angalia KABLA.

KUUNGA

Usifunge kwenye kasha kwanza. Weka bodi juu ya kadibodi mezani. Prosesa moja, kwenye soketi iliyoandikwa CPU1, kijiti kimoja cha RAM kwenye nafasi ya kwanza ya upande wake, betri mpya ya saa (CR2032, ile ya zamani imekufa, usibishane). Iwashe. Ikiwaka, ongeza kijiti kimoja kimoja. Ndipo uje prosesa ya pili na RAM zake. Kazi ya kuchosha, lakini ukiweka vyote kwa mpigo na ikagoma, hutajua mgonjwa ni nani.

RAM igawe sawa. Kila prosesa ina nafasi zake, na njia tatu za RAM, kwa hiyo vijiti vitatu huku na vitatu kule. Ukiziweka zote upande mmoja mashine itafanya kazi, lakini prosesa ya pili itakuwa kama mama lishe asiye na stoo: kila akitaka chumvi anavuka kwenda kwa jirani. Chakula kitaiva ila kwa kuchelewa. Na usichanganye RAM za R na zile za E au U, haitawaka.

Sasa ile soketi wazi. Kwenye LGA pini haziko kwenye prosesa, ziko kwenye soketi yenyewe, 1,366, laini kama nywele. Bodi iliyolala skrepani bila kifuniko lazima kuna zilizopinda. Nilipofunga kila kitu, mashine iliona GB 20 badala ya 24. Nikabadilisha vijiti, bado. Nikabadilisha nafasi, ni palepale: nafasi moja ya CPU2 haionekani. Nikatoa prosesa, nikawasha tochi ya simu kwa pembeni, nikaona pini mbili zimelala. Kuzinyanyua ilinichukua karibu saa nzima kwa ncha ya sindano na miwani ya kusomea ya baba mkubwa. Ukiivunja moja, njia hiyo ya RAM imekwenda moja kwa moja. GB 24 zikaonekana. Niliita watu wa nyumbani waje waone. Walikuja, hawakuelewa, wakapiga makofi.

Pesti ya kupozea nunua ya kweli, kiasi cha punje kubwa ya mchele katikati. Kuna fundi anapaka dawa ya meno. Inapoza siku mbili tatu, ikikauka inakuwa chokaa.

Kasha lilikuwa tabu. Bodi yangu ni pana, sentimita 30.5 kwa 33, haiingii kwenye kasha la kawaida. Nilikwenda kwa fundi wa madirisha ya aluminiamu, akanikatia fremu kwa vipande vilivyobaki. Mbele nimeweka kitambaa cha chandarua kuukuu, kwa sababu ya vile vidudu vya ziwani vinavyofuata taa usiku, vikiingia vinajaza bamba la kupozea kama pamba. Nakiosha kila wiki mbili. Na mashine nimeitundika ukutani. Wakazi wa huku wanajua mto Mirongo ukijaa maji yanaingia wapi.

DISKI ZA WATU

Nilipewa diski mbili na zile RAM. Nilipoichomeka ya kwanza nikakuta orodha ya mishahara ya ofisi moja, majina kamili, akaunti za benki, hata barua za onyo. Niliifunga. Ningekuwa mtu mwingine ingekuwa kesi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini diski ile ilikuwa inauzwa kwa kilo pamoja na masufuria. Nilizifuta zote mbili kwa programu ya nwipe usiku kucha. Wenye ofisi, futeni kabla hamjauza, na ninyi mafundi, futeni kabla hamjachungulia.

Kwa mfumo nimetumia SSD ndogo. Njia za SATA za bodi hizi ni za zamani, zinaipa SSD nusu ya mwendo wake, lakini bado ni mbingu na ardhi na diski ya kuzunguka. SSD za NVMe bayosi haiwezi kuwakia. Picha ya kwenye bodi ya seva ni ya kuonea maandishi tu, nikaongeza GT 1030, inakula wati 30 na haitaki plagi ya ziada.

IMELIPA?

Ukishaweka Linux andika lscpu kwenye kidirisha cha amri. Ikisema soketi 2, umefika. Acha memtest86+ izunguke usiku mzima kabla hujaipa kazi ya mtu.

Harusi ileile ya masaa 11 sasa inatoka chini ya masaa matatu. Zaidi ya hapo, natoa mbili kwa pamoja: kwa amri ya numactl naifunga ya kwanza kwenye prosesa moja na RAM zake, ya pili kwenye nyingine, hakuna anayemgusa mwenzake. Msimu uliofuata nilimaliza kazi zote sita, na mama mkwe mmoja akaniletea sato wawili.

Umeme: nikikisia wati 300 ikiwa kazini, masaa 8 ni uniti 2.4, kwa shilingi 350 hivi kwa uniti ni kama 840 kwa siku. UPS ya VA 650 inatosha kuokoa kazi na kuzima, si kuendelea. Ningeanza upya ningetafuta jozi ya L5640, viini vilevile sita, mwendo umepungua kidogo, wati 60 badala ya 95.

Nisiwadanganye lakini. Prosesa moja ya kisasa kama Core i5-12400 ya 2022 inazipita hizi mbili kwa pamoja, tena kwa umeme kidogo. Na Xeon hizi hazina maagizo ya AVX, kwa hiyo kuna programu, hasa za akili mnemba na baadhi ya hifadhidata, zinagoma kabisa kuwaka. Mwenye milioni na ushee akanunue mpya. Mie jumla nilitumia kama 230,000, pamoja na ile 40,000 niliyopigwa, na msimu ulikuwa umebakiza wiki tatu.

Ile W3520 bado ninayo mezani. Ni nzima kabisa kwa bodi ya soketi moja. Mwenye nayo tubadilishane, mie nahitaji feni ya milimita 120 isiyopiga kelele.